HAKI ZA MGONJWA SI KARATASI YA UKUTANI



Katika hospitali nyingi za nchi yetu utaona karatasi kubwa imebandikwa ukutani, karibu na dirisha la kulipia au penye mlango wa daktari. Imeandikwa maneno mazuri: kwamba mgonjwa ana haki ya kuheshimiwa, haki ya kuelezwa ugonjwa wake, haki ya kutibiwa upesi akiwa hatarini. Watu huketi chini ya karatasi hiyo toka asubuhi hata saa tisa, na wengi hawaisomi. Wanaoisoma hucheka kidogo, kisha hurudi katika foleni.

Sisi hatucheki. Maneno yale ni ya kweli, tena ni sheria. Lakini chama cha wafanyakazi chajua jambo moja vizuri sana: neno lililoandikwa bila mtu wa kulijibia ni pambo tu. Tulijifunza hayo katika mambo ya mishahara. Kila mwajiri husema kwamba anawapenda wafanyakazi wake, nasi hatukupata kitu kwa mapenzi hayo. Tulipata tulipoketi naye mezani, tukaandika mapatano, tukataja kiasi, tukataja siku, tukamtaja mtu wa kupelekewa malalamiko, na hatua ya pili kama huyo hakujibu. Hiyo ndiyo tofauti ya ahadi na mapatano.

Basi leo twasema kwamba haki za mgonjwa zifanyiwe vile vile. Kila hospitali na kila zahanati, iwe ya serikali, ya misheni au ya tajiri, iwe na kanuni zake za haki za wagonjwa. Kanuni hizo ziandikwe pamoja na wafanyakazi wa mahali hapo na watu wanaotibiwa hapo, na ziwe na nguvu kama mapatano ya kazi.

KWA NINI CHAMA KIINGIE KATIKA MAMBO YA HOSPITALI

Wako watakaouliza: Mbona chama kinaacha mishahara na kuingia wodini? Tunawajibu kwamba hatujaacha mishahara. Pesa za matibabu zatoka katika mishahara hiyo hiyo. Tangu Oktoba 2024 kila mwenye kuandikwa kazi hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote, kabla ya makato mengine, na pesa hizo huenda kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyoshika mahali pa bima ya zamani ya NHIF. Mtu asiyeajiriwa hatozwi chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Tunapofika hospitalini hatuombi sadaka. Tumekwisha kulipa kabla hatujaugua.

Tena, wafanyakazi wamo katika hospitali kwa njia mbili. Wengine wamelala kitandani, na wengine wamesimama kando ya kitanda. Muuguzi, tabibu, mpishi, mfagiaji, dereva wa ambulansi, karani wa pesa na askari wa lango wote ni wafanyakazi, na kila mmoja wao iko siku atakuwa mgonjwa. Kanuni mbaya huwaumiza wote wawili, na kanuni nzuri huwakinga wote wawili.

SHERIA YASEMA NINI

Mtu asidhani kwamba tunaomba kitu kipya. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 43, yasema kila mtu ana haki ya afya ya kiwango cha juu kinachoweza kufikiwa, na kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Kifungu cha 28 chasema kila mtu ana utu wake, na utu huo uheshimiwe na kulindwa. Mwaka 2013 Wizara ya Afya ilitoa Mkataba wa Kitaifa wa Haki za Wagonjwa, nao ndio huo tunaouona ukutani.

Kisha ikaja Sheria ya Afya ya mwaka 2017. Sheria hii yasema mgonjwa aelezwe hali yake, matibabu yaliyopo, faida zake, hatari zake na gharama zake, kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayomfaa hata kama hakusoma. Asitibiwe bila kukubali, isipokuwa pale sheria inaporuhusu. Siri yake itunzwe. Hospitali yenye uwezo wa kumtibu mtu wa dharura ikikataa kumtibu, yaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 3. Na mtu yeyote ana haki ya kulalamika juu ya namna alivyotendewa, na lalamiko lake lichunguzwe. Utaratibu wa kulalamika nao uwekwe mahali ambapo kila aingiaye ataweza kuuona.

Sheria hiyo hiyo haikumsahau mfanyakazi. Yasema ana haki ya mahali pa kazi pa salama, pasipomletea ugonjwa wala kumuumiza. Yasema pia kwamba aweza kukataa kumhudumia mtu anayempiga, anayemtukana au anayemsumbua kwa mambo ya uasherati, ila kama ni dharura.

Kwa hivyo sheria si haba. Tutazame sasa yaliyotokea.

MAMBO MATATU YA KUKUMBUKA

La kwanza. Mwaka 2010, wanawake wawili walizuiliwa katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, Nairobi, kwa sababu hawakuweza kulipa bili ya kujifungua. Waliugeuza ulezi wa watoto wachanga kuwa kifungo. Jambo hili lilifika Mahakama Kuu, na mnamo Septemba 2015 Jaji Mumbi Ngugi alikata shauri kwamba kumzuilia mgonjwa kwa deni ni kuvunja haki zake. Mmoja wa wanawake hao akaamriwa alipwe shilingi milioni 1.5, na mwenzake shilingi 500,000.

La pili. Mwaka 2013, miezi michache tu baada ya serikali kutangaza kwamba kujifungua katika hospitali za umma ni bure, mama mmoja alijifungua sakafuni katika hospitali ya wilaya huko Bungoma. Kitanda hakikupatikana. Wauguzi wakamtukana na kumpiga makofi, na mgonjwa mwingine akayapiga picha mambo hayo kwa simu yake. Mwezi wa Machi 2018 Mahakama Kuu iliamuru alipwe shilingi milioni 2.5. Yafaa kila mfanyakazi wa hospitali ajue kwamba mahakama haikuwalaumu wauguzi peke yao. Ilisema serikali kuu na serikali ya kaunti hazikutoa mali ya kutosha kwa huduma za afya.

La tatu. Mwezi wa Oktoba 2015 mtu aliyegongwa na gari Nairobi alikaa ndani ya ambulansi saa 18. Alipelekwa hospitali hii na hospitali ile. Mahali pengine vitanda vya mahututi vilikuwa vimejaa, na mahali pengine palitakiwa pesa za kutanguliza. Akafa. Wakati huo Katiba ilikuwa na umri wa miaka 5, na Mkataba wa Wagonjwa ulikuwa na miaka 2.

Ndugu, hesabuni miaka. Wa Pumwani walingoja haki yao toka 2010 hadi 2015. Wa Bungoma alingoja toka 2013 hadi 2018. Tena hao ndio waliopata mawakili wa kuwasimamia. Ni wangapi walioondoka kimya, wakamshukuru Mungu tu kwamba wametoka hai? Mahakama ni mahali pa kwenda mwisho. Kama mfanyakazi angalazimika kwenda Mahakama Kuu kila mara msimamizi anapomnyima posho ya saa za ziada, chama kingekuwa kimekufa zamani. Tunaye mwakilishi kazini ndiyo maana jambo huamuliwa siku hiyo hiyo. Mgonjwa naye anahitaji mtu wa namna hiyo, tena usiku huo huo anapozuiliwa, si baada ya miaka 5.

LAWAMA IENDE KWA MWENYEWE

Sasa twasema na ndugu zetu wa hospitalini, maana wao wanaogopa, nao wana sababu ya kuogopa. Wanasema: "Kanuni hizi zitakuwa fimbo ya kutupigia. Mgonjwa akikosa dawa atanishitaki mimi niliye mbele yake. Aliyekosa kununua dawa yuko ofisini, hamjui."

Ni kweli. Muuguzi aliyeachwa peke yake usiku na wodi iliyojaa hawezi kumweleza kila mtu ugonjwa wake kwa upole na kwa urefu. Karani aliyeambiwa kwamba bili isiyolipwa itakatwa katika mshahara wake atamzuilia mgonjwa. Askari wa lango aliyeamriwa asifungue mpaka pesa ionekane hatafungua. Hao wote hutenda amri ya mtu mwingine, lakini sura inayokumbukwa na mgonjwa ni sura yao.

Wafanyakazi wa afya wamepigania mambo haya kwa gharama kubwa. Madaktari waligoma siku 100, toka Desemba 2016 hadi Machi 2017, kwa ajili ya mapatano yaliyotiwa sahihi mwaka 2013 yasitimizwe, na viongozi wao wakatiwa jela. Mwaka 2017 wauguzi nao waligoma kwa muda wa miezi mitano hivi. Mwisho wa mwaka 2020, katika siku za korona, madaktari, wauguzi na matabibu walidai vifaa vya kujikinga. Mwaka 2024 madaktari waligoma tena siku 56. Kila mara wakubwa walisema kwamba wanaogoma wanawatupa wagonjwa. Nasi hatutaficha kwamba wagonjwa waliumia katika siku hizo. Lakini twauliza: mapatano yalipokuwa yamekaa miaka mitatu bila kutimizwa, na wodi zikiwa tupu bila glavu, ni nani aliyekuwa amewatupa?

Hata hivyo, tusijifiche nyuma ya upungufu. Kukosa glavu hakumpi mtu ruhusa ya kutukana. Mshahara mdogo haupigi kofi. Mkono ndio hupiga. Mwanachama akishitakiwa kwamba amempiga mama mwenye uchungu wa kuzaa, chama kitahakikisha kwamba amesikilizwa kwa haki, akiwa na mwakilishi wake. Lakini chama hakitasema kwamba kofi lile ni kazi. Anayepigwa pale ni mke wa mwanachama mwingine, au dada yake, au mwanachama mwenyewe.

TUNAYOTAKA YAANDIKWE

Hatutaki maneno mengi. Twataka mambo manane, na kila moja liwe na mtu wa kulijibia:

1. Dharura kwanza, pesa baadaye. Amri hii iandikwe na mkuu wa hospitali, itiwe sahihi yake, na iwekwe langoni na katika dirisha la kulipia. Askari na karani wakiifuata wasiadhibiwe, wala wasikatwe hata senti moja.

2. Mgonjwa asizuiliwe kwa deni. Bili iandikwe wazi, na mgonjwa alazwaye aonyeshwe hesabu yake siku kwa siku, asije akashituka mwisho. Akishindwa kulipa, yaandikwe mapatano ya kulipa kidogo kidogo. Deni hudaiwa kwa barua na kwa mahakama, si kwa kufuli.

3. Mgonjwa aelezwe kwa Kiswahili au kwa lugha ya mahali pale. Karatasi ya kukubali upasuaji isomwe kwa sauti kabla ya sahihi au alama ya kidole. Kidole kilichowekwa juu ya maneno yasiyoeleweka hakijakubali kitu.

4. Kila mfanyakazi avae jina lake na kazi yake. Mgonjwa ajue anasema na nani, na mfanyakazi mwema asilaumiwe kwa kosa la mwingine.

5. Kiwepo kitabu cha malalamiko chenye kurasa za namba. Sanduku la maoni lenye kufuli kutu halitoshi. Mwenye kulalamika apewe kipande chenye namba yake na siku ya kurudi kupata jibu. Asiyejua kuandika aandikiwe. Na yuko wapi wa kumwendea usiku? Jina lake na namba ya simu yake viandikwe ukutani.

6. Malalamiko yasikilizwe na kamati ndogo yenye mtu wa hospitali, mwakilishi wa wafanyakazi na mtu wa mtaani anayetibiwa pale. Mfanyakazi aliyetajwa asikilizwe kabla ya kuhukumiwa. Mgonjwa asiyeridhika aelezwe kwa maandishi hatua ya pili: ofisi ya afya ya kaunti, baraza linalosimamia madaktari, wauguzi au matabibu, au Tume ya Haki ya Utawala.

7. Kiwepo kitabu cha upungufu. Kila zamu ikianza iandikwe: wagonjwa wangapi, wauguzi wangapi, dawa gani hazipo, mashine gani imekufa. Mkuu wa zamu atie sahihi, na mkuu wa hospitali naye atie yake kwamba ameona. Kitabu hiki ndicho ngao ya mfanyakazi. Lalamiko likija, vitabu viwili vitalinganishwa, na lawama itakwenda kwa mwenyewe.

8. Wajibu wa mgonjwa nao uandikwe. Aseme ukweli juu ya ugonjwa wake na dawa alizokwisha kunywa, afuate taratibu za wodi, amheshimu anayemtibu. Jamaa wanaokuja kwa fujo na kumshika muuguzi shati hawamsaidii mgonjwa wao.

Mambo haya hayahitaji majumba mapya. Vitabu viwili, kalamu, majina ya kifuani na amri ya karatasi moja si gharama ya kuishinda kaunti yoyote. Dawa na wauguzi ni gharama, nasi tutaendelea kuzidai. Lakini tutazidai tukiwa na kitabu cha upungufu mkononi, chenye tarehe na sahihi, wala si kwa maneno matupu.

SIRI YA MGONJWA NA MWAJIRI

Liko jambo jingine linalotugusa hata kiwandani na shambani. Waajiri wengine wana zahanati zao au daktari wao wa kampuni. Hilo ni jema. Lakini zahanati ya kampuni si jicho la kampuni. Ikiwa mfanyakazi ameugua, sheria ya kazi ya mwaka 2007 yampa, baada ya miezi miwili ya kazi, siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara katika kila mwaka, mradi alete cheti cha daktari. Cheti hicho ni cha kuonyesha kwamba hawezi kazi. Si barua ya kumtangazia msimamizi jina la ugonjwa wake ili usomwe ofisini kote.

Wanachama wajue pia kwamba sheria ya mwaka 2006 juu ya ukimwi yakataza mtu kulazimishwa kupimwa ili apate kazi. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yazihesabu habari za afya ya mtu kuwa habari za kulindwa sana. Kwa hivyo, penye zahanati ya kampuni, mapatano yetu mapya yawe na kipengele hiki: faili la mgonjwa lishikwe na daktari, ufunguo uwe kwa daktari, na mwajiri aambiwe tu kama mtu anaweza kazi au hawezi, na kwa siku ngapi.

KAZI YA KILA TAWI

Kanuni hazitaandikwa na watu walioketi nyumbani. Katika mkutano wa tawi ujao, katibu wa kila tawi aliweke jambo hili katika ajenda. Wanachama wataje hospitali na zahanati wanazozitumia. Wachaguliwe watu wawili, mmoja akiwa mwanamke, waende kwa mkuu wa kila mahali kwa adabu, waulize maswali matatu tu: Utaratibu wa kulalamika uko wapi? Ni nani anayepokea malalamiko usiku? Lalamiko la mwisho lilijibiwa lini?

Majibu yaandikwe na kuletwa makao makuu ya chama. Mahali palipo na jibu zuri tutapasifu mbele ya watu, maana wako wakuu wa hospitali wanaojitahidi na hawashukuriwi. Mahali pasipo na jibu tutaomba mkutano, na tutapeleka mambo yetu manane. Matawi ya hospitali na matawi ya viwanda yakutane kabla ya hapo, ili tusije tukaonekana tumegawanyika, wengine upande wa wagonjwa na wengine upande wa wauguzi. Hakuna pande mbili hapa.

Wazee walisema, kidole kimoja hakivunji chawa. Mgonjwa peke yake ni dhaifu, ndiyo maana anaitwa mgonjwa. Muuguzi peke yake katika zamu ya usiku naye ni dhaifu. Wakiwa pamoja, na kanuni mkononi, na chama nyuma yao, karatasi ile ya ukutani itaanza kusema.

Umoja ni nguvu.